Kalenda Haijui Kusimulia

Mgeni akiuliza aanze wapi kutazama filamu za Marvel, kuna kundi la watu lisilomwacha hata amalize swali. Anza na Captain America: The First Avenger, watamwambia, kisha Captain Marvel, ndipo uingie Iron Man. Kwa nini? Kwa sababu ya kwanza inatokea miaka ya 1940, ya pili inatokea 1995, na ya tatu inatokea juzijuzi. Mwaka mdogo unatangulia mkubwa, hesabu ya darasa la pili, mjadala umefungwa.

Mimi naufungua. Ushauri huo ni mbovu, na wanaoutoa wanajua kusoma tarehe lakini hawajui kusikiliza hadithi. Filamu hizi zitazamwe kadri zilivyotoka: Iron Man ya 2008 mbele, The Incredible Hulk ya mwaka uleule nyuma yake, kisha Iron Man 2, Thor, na kuendelea hivyo mpaka Avengers: Endgame ya 2019. Ni filamu 22. Sina orodha ya wenye haraka, na mwenye haraka hakulazimishwa na mtu kuanza.

Jambo hili lingekuwa porojo za kijiweni kama lisingekuwa na wahanga. Wahanga wapo, na sasa wanaongezeka. Avengers: Doomsday imepangwa kutoka Desemba 2026, na Robert Downey Jr., yuleyule aliyekuwa Tony Stark, anarudi humo akiwa adui, Doctor Doom. Watu ambao hawakuwahi kuzigusa filamu hizi wanataka kujiandaa. Watoto waliozaliwa mwaka ambao Iron Man ilitoka wanafikia umri wa kupiga kura. Wanafungua Disney+ na kukuta kampuni yenyewe imewapangia filamu zote kwa kufuata tarehe za matukio, wanadhani hiyo ndiyo njia halali kwa kuwa imegongwa muhuri na mwenye mali. Mwenye mali ana hamu ya kukuona ukitazama tena ulichokwisha kutazama, basi kila mpangilio mpya kwake ni biashara mpya. Wewe una hamu ya kusimuliwa, naye hilo halimhusu sana.

Tuanze na unafiki wa kalenda yenyewe. The First Avenger, hiyo inayoitwa ya mwanzo, inafunguka katika zama zetu hizi. Watu wamefika kwenye barafu ya Aktiki, wanakuta ndege kubwa iliyofukiwa, na ndani yake ngao. Hapo ndipo inarudi nyuma, kwenye vita. Na inafungwa tena zama zetu, Steve Rogers akizinduka New York na kuambiwa na Nick Fury kwamba amelala karibu miaka 70. Kwa hiyo mtu wa kalenda ameshatolewa leo akapelekwa vitani, ametolewa vitani akarudishwa leo. Sasa Captain Marvel inamburuta hadi 1995, na Iron Man inamrusha mbele tena. Huyo ndiye waliyesema wanamwepusha na mkanganyiko!

Na kama mwaka mdogo ndio mwenye kutangulia, mbona Thor haikai mbele ya zote? Inaanza Norway, mwaka 965, Odin akipambana na majitu ya barafu. Au mbona isiwe Eternals, inayoanzia Mesopotamia miaka 5000 kabla ya Kristo? Guardians of the Galaxy inaanza 1988, usiku ambao Peter Quill, bado mtoto, anafiwa na mama yake na kunyakuliwa angani. Captain America: Civil War inaanza 1991. Black Panther inatupeleka Oakland ya 1992 kabla hatujakaa sawa. Mwenye kalenda anayaona yote haya na kuyafumbia macho. Anachukua sehemu yenye dakika nyingi, anaibandika tarehe moja, anajipongeza. Maana yake hata yeye anakubali kwamba msimulizi ana haki ya kurudi nyuma anapotaka. Anakubali ndani ya filamu moja, anakataa baina ya filamu na filamu. Kwa sheria gani?

Wasomaji wa Kiswahili ndio hasa wasiopaswa kudanganywa na hoja hii. Mchukue Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, umpange kwa kalenda. Muuaji ataua mbele ya macho yako ukurasa wa kwanza, na kurasa zote zinazobaki utakaa ukimtazama Bwana Msa na kiko chake akihangaika kutafuta kitu ambacho wewe unacho mkononi. Au nenda kwa Shaaban Robert. Kusadikika inaanza na Karama akiwa mshtakiwa, na ni kutoka pale kizimbani ndipo anaposimulia habari za wajumbe waliotumwa zamani, wakarudi na kheri, wakalipwa kifungo. Kwa kalenda wajumbe wangekuja kwanza na kesi mwisho. Jaribu kuisoma hivyo. Safari zile zinabaki kuwa safari tu. Zinakuwa utetezi kwa sababu kuna mtu ambaye uhai wake unaning'inia juu ya kila moja, na sisi tunalijua hilo kabla hajafungua kinywa.

Sasa Captain Marvel. Filamu hii ilitoka Machi 2019, ya 21 katika mlolongo, mwezi mmoja tu kabla ya Endgame. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekwishamjua Nick Fury kwa miaka 11: mtu mkavu, mwenye kitambaa cheusi jichoni, anayeingia bila hodi na kutoka bila kwaheri. Utamu wote wa kumwona Fury kijana, mwenye macho mawili, akicheka na kumbembeleza paka, uko katika kulinganisha na yule tuliyemzoea. Mtu asiyemjua Fury hana cha kulinganisha. Anaona afisa mcheshi na paka, basi. Teknolojia iliyomrudisha Samuel L. Jackson ujanani filamu nzima inakuwa kazi iliyofanywa kwa ajili ya mtazamaji ambaye hayupo.

Hilo la jicho nalo lina mkasa wake. Katika The Winter Soldier ya 2014, Fury anamwambia Steve kwamba mara ya mwisho alipomwamini mtu alipoteza jicho. Tukaondoka na sentensi ile. Tukajaza wenyewe: usaliti, vita vya siri, rafiki aliyegeuka. Miaka mitano baadaye Captain Marvel inatuambia alikwaruzwa na yule paka Goose, ambaye si paka kamili. Unaweza kuupenda utani huo au kuuchukia (mimi ninauchukia kidogo), lakini ni utani unaohitaji miaka mitano ya kuamini uongo. Ukianza na paka, mzee Fury wa 2014 hana tena siri wala uzito. Anakuwa mtu anayedanganya kuhusu paka.

Na kuna wizi mkubwa zaidi. Iron Man inapokwisha na majina yote kupita, Tony Stark anarudi nyumbani anakuta mtu gizani, anayemwambia kwamba yeye si shujaa pekee duniani, na kwamba amekuja kuzungumza naye kuhusu mpango uitwao Avengers. Kipande hicho kiliondolewa kwenye maonyesho ya awali ili siri isivuje. Ukumbini mwaka 2008 watu wengi walikuwa wameshainuka kwenye viti. Waliobaki walisikia mlango ukifunguliwa ambao hakuna filamu ya mashujaa iliyokuwa imewahi kuufungua hivyo. Sasa mletee kipande hicho mtu aliyetazama Captain Marvel kwanza. Ameshamwona Fury, ambaye ndiye yule mtu wa gizani. Ameshaona jina Avengers likizaliwa, limetokana na jina la urubani la Carol Danvers, yaani Captain Marvel mwenyewe. Ameshaiona Tesseract, ule mchemraba wa nguvu. Na kama alisubiri majina ya Captain Marvel yapite, ameshawaona Steve, Natasha na Banner (yule Hulk) wamesimama mbele ya skrini zinazohesabu watu waliopotea, yaani matokeo ya filamu ambayo kwake iko mbali sana mbele. Mtama umemwagwa kwenye kuku wengi, na aliyeumwaga ni yule aliyejiita mwongozaji.

Hapa naomba nitoe lawama moja ya nyumbani. Wapo wenye vibanda umiza ambao majina yakianza kupanda tu wanazima na kuweka mkanda mwingine, maana foleni iko mlangoni. Nawaelewa, wanauza viti. Lakini kizazi kizima cha watazamaji wa Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura kimezijua filamu hizi bila vipande vyake vya mwisho, na vipande hivyo ndiyo mishipa inayoziunganisha. Hata hivyo, mwenye kibanda aliyeonyesha kanda kadri zilivyomfikia alikuwa karibu zaidi na mpangilio sahihi kuliko wataalamu wote wa kalenda.

Nimeiacha Black Widow kwa makusudi, kwa sababu hapo hasira yangu haina utani. Filamu hii ilitoka 2021, miaka miwili baada ya Endgame, na inasimulia mambo yaliyompata Natasha Romanoff mara tu baada ya Civil War, 2016. Basi watu wa kalenda wanaichomoa kutoka 2021 na kuipachika katikati, kabla ya Infinity War. Majina yakishapita, Yelena, mdogo wake wa kulea, anatembea makaburini na kusimama mbele ya kaburi la Natasha.

Mtazamaji wa kalenda analiona kaburi hilo kwanza. Kisha anaendelea na Infinity War, kisha Endgame, na humo Natasha na Clint Barton wanafika Vormir, mahali ambapo jiwe wanalolitafuta halipatikani mpaka mtu amtoe sadaka anayempenda. Wawili hao wanapigana, kila mmoja akitaka afe yeye ili mwenzake abaki. Wanaangushana, wanazuiana, mmoja anaruka, mwingine anamdaka. Kilichomkaza mtazamaji wa 2019 kwenye kiti ni kutojua. Clint ana mke na watoto, na filamu ilifunguka na familia yake ikitoweka mbele yake. Natasha hana mtu ila kundi hili. Akili inayumba upande huu na upande ule pamoja na miili yao. Mtazamaji wa kalenda hayumbi. Ameshasoma jina kwenye jiwe la kaburi. Anasubiri tu aliyetajwa aanguke, na hapo pigano zuri kuliko yote katika filamu ile, pigano la watu wawili wasiotaka kushinda, linageuka kuwa utaratibu.

Mtu aniambie faida iliyopatikana badala ya hayo. Kwamba miaka imefuatana?

Ant-Man and the Wasp inatendewa hivyohivyo. Ilitoka Julai 2018, miezi miwili na ushee baada ya Infinity War. Tulikuwa tumetoka kuwaona nusu ya mashujaa wakigeuka majivu. Sisi tuliokulia kwenye imani kwamba steringi hafi tulikuwa bado hatujielewi: Black Panther ilitoka Februari, Lupita Nyong'o akiwa Nakia, watu wakavaa vitenge kwenda kumshangilia T'Challa, na Aprili ya mwaka huohuo T'Challa akayeyuka mbele ya Okoye kwenye ardhi yake mwenyewe. Ndipo ikaja filamu hii nyepesi ya vichekesho, chungu wakubwa na majengo yanayobebwa kama sanduku. Tukacheka saa mbili tukidhani tumesahaulika, mpaka baada ya majina: Scott Lang yuko ndani ya ulimwengu mdogo kuliko chembe, anaita juu arudishwe, na juu hakuna anayejibu. Kuna majivu. Kwa sababu sehemu kubwa ya filamu inatokea kabla ya Infinity War, kalenda kali inaitanguliza. Mtazamaji anaona watu watatu wakigeuka vumbi bila sababu yoyote, anadhani mashine imeharibika.

Watanijibu kwamba natetea filamu tano tu kati ya lundo kubwa, kwamba zile nyingi za katikati hazibadiliki sana ukizipanga huku au kule. Ni kweli. Nyundo ya Thor inayotikisika kidogo mkononi mwa Steve kwenye Age of Ultron mwaka 2015 itatangulia Endgame kwa mpangilio wowote. Lakini angalia ni filamu zipi hizo tano, na zinakaa wapi: mlangoni, na kwenye ukingo wa kila msiba mkubwa. Huwezi kuharibu mwanzo, ukaharibu na vifo, halafu ukajitetea kwamba hukugusa sehemu ya katikati.

Kutazama kwa kufuata zilivyotoka kuna faida nyingine ambayo sijasikia mtu wa kalenda akiigusa: unaona jinsi kitu hiki kilivyothubutu. Marvel iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 1996. Haki za filamu za Spider-Man zilikwenda Sony. X-Men na Fantastic Four zilikuwa Fox. Ilipoamua kutengeneza filamu zake yenyewe, mwaka 2005, ilipata mkopo wa dola milioni 525 kupitia Merrill Lynch na kuweka rehani haki za wahusika kumi. Ilianza na Iron Man kwa sababu wakubwa walikuwa hawapo nyumbani. Ikampa kazi Downey, mtu aliyepitia miaka ya dawa za kulevya na jela, na kiti cha mwongozaji akakaa Jon Favreau. Disney iliinunua kwa takriban dola bilioni 4 mwaka mmoja baada ya Iron Man kutoka, 2009. Ukijua hayo, pango la Afghanistan ambamo Stark anafua vazi lake la kwanza kwa vipande vya silaha linakuwa na maana mbili kwa pamoja. Filamu yenyewe ilikuwa imefuliwa vilevile. Sasa weka mbele yake filamu mbili kubwa za miaka ya baadaye, zenye fedha na uhakika wa kampuni iliyokwisha kushinda, halafu urudi kwenye pango. Macho yatakuambia umeshuka ngazi.

Kundi la pili, wale wa "ruka hii, ruka ile", nitalipitia haraka kwa sababu limejimaliza lenyewe. Kwa miaka mingi filamu waliyoongoza kuituma jalalani ni Thor: The Dark World ya 2013. Sitaitetea, ni filamu dhaifu, adui wake simkumbuki sura. Lakini Endgame ilipohitaji kumwinua Thor kutoka kwenye ulevi na aibu, ilimrudisha wapi? Asgard ya 2013, asubuhi ya siku ambayo mama yake atauawa. Frigga anamtambua mwanawe aliyetoka siku zijazo, anajua kuna jambo baya linakuja, na anakataa kuambiwa. Aliyeiruka The Dark World anamwona mama mwenye maneno mazuri. Aliyeivumilia anamwona mtu anayemshauri mwanawe akiwa amebakiza saa chache za kuishi, na mwanawe anajua.

Baada ya 2019 mambo yalivurugika, na hilo silifichi. Disney+ ilianza kumwaga tamthilia, na filamu zikaanza kukudai ulipie kwa saa za televisheni: bila WandaVision, Doctor Strange in the Multiverse of Madness inakuacha njiani, The Marvels ya 2023 ilitaka uwe umetazama na Ms. Marvel pia, ikaambulia takriban dola milioni 206 dunia nzima, mapato madogo kuliko filamu zote za Marvel Studios zilizoitangulia. Lakini kama mpangilio wa kutoka unayumba huku, kalenda imevunjika shingo kabisa. Tamthilia ya Loki inatokea mahali palipo nje ya mkondo wa wakati. The Fantastic Four: First Steps ya 2025 inatokea miaka ya 1960, ila katika dunia nyingine kabisa. Iwekwe wapi sasa? Kabla ya Captain Marvel? Baada ya The First Avenger? Nimewauliza watu wa kalenda, wamenijibu kwamba hiyo ni ya pekee. Eternals nayo ni ya pekee, Endgame inayozuru 2012, 2013, 2014 na 1970 ni ya pekee, Steve anayerudi kuzeeka na mpenzi wake Peggy ni wa pekee. Kanuni gani hii yenye mapekee mengi kuliko wafuasi?

Imebaki The Incredible Hulk, ambayo kila ninapotoa orodha yangu mtu huniuliza kwa sauti ya kuomba radhi: na hiyo pia? Edward Norton hakurudi tena, Mark Ruffalo akachukua nafasi yake 2012, na kwa miaka mingi hata Marvel wenyewe walikuwa kama wanaikwepa. Ndiyo, na hiyo pia. Katikati ya fujo zake kuna mwanasayansi aitwaye Samuel Sterns, ambaye damu ya Banner inamdondokea kwenye jeraha la kichwa, kichwa kinaanza kufura, anatabasamu, filamu inamwacha hapohapo. Ikamwacha miaka 17. Februari 2025, Captain America: Brave New World ikaja na Sterns yuleyule, mwigizaji yuleyule, Tim Blake Nelson, akiwa na kichwa chake na kisasi chake, na nusu ya watu ukumbini wakaanza kunong'onezana: huyu ni nani?